Mwalimu wa Mitungi na Mapipa ya Taka

Ukimkaribisha Mwalimu nyumbani kwako, jambo la kwanza alilofanya baada ya salamu lilikuwa kwenda jikoni kuchungulia pipa la taka. Hakujificha. Alikanyaga kikanyagio, mfuniko ukainuka, naye akainama, mkoba wake mkubwa kaubana kwapani, akatazama ndani kama mtu anayetazama kisima. Kisha alirudi sebuleni, akakaa, akapokea chai yake na kusema:

"Naona jana mlikula samaki, halafu mkagombana."

Samaki ungeelewa. Ugomvi ungebaki kujiuliza kaujuaje, mpaka ukumbuke ile sahani iliyovunjika uliyoifukia chini ya maganda ya viazi.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu ndivyo alivyotaka. Sisi Wakenya tulisema lazima ni Mtanzania, kwa jinsi alivyotulazimisha kusema shikamoo. Watanzania walisema haiwezekani, mwenye maneno makali namna hii ametoka kwetu Kenya. Wakongo walimwita Madame, akaitika. Alikuwa mama mfupi, mkavu, nywele zenye mvi kazikata kama za askari, na juu yake kofia ya kiume ya ukindu aliyoivaa hata theluji ikianguka. Ukimwuliza umri alikujibu, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile.

Siku za kazi alishinda katika chumba cha chini ya ardhi cha chuo kimoja ng'ambo ya mto, akipanga vigae. Si vigae vya kuezekea. Vilikuwa vipande vya mitungi ambayo Warumi waliitumia, yapata miaka elfu mbili iliyopita, kusafirishia mafuta ya zeituni, divai na mchuzi wa samaki. Mitungi yenyewe ilikuwa mirefu, yenye masikio mawili na tako lililochongoka.

"Haiwezi kusimama bila kuegemezwa," alitueleza siku moja kanisani, waume wakiwa wamejaa safu ya nyuma. "Kama baadhi ya hawa wenu."

Siku za Jumamosi aliwafundisha watoto wetu Kiswahili katika ukumbi wa kanisa tuliokodi Lanham, huku Amerika. Mimi nilipewa kazi ya kumsaidia kwa sababu siku hiyo sikuwa na zamu. Nilikuwa nauguza wazee katika kituo kimoja cha Temple Hills na nilikaa kwa Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye aliamini kwamba msichana asiye na shughuli Jumamosi ataitafuta. Kwa hiyo miaka ile niliimaliza nikibeba ndoo za udongo na kufuta ubao.

Watoto walimwelewa lakini walimjibu kwa Kiingereza. Hilo halikumsumbua. Alisema mtoto ni kama udongo, ukiuharakisha unapasuka, halafu papo hapo akaenda kumfinya sikio mmoja aliyekuwa analala.

Somo lake lilikuwa lile lile, kwa watoto na kwa sisi wakubwa: unajuaje kitu kilitengenezwa wapi? Watu wengi, alisema, hudhani palipo na vigae vingi ndipo palipofinyangwa mitungi. Halafu alitusimulia habari za kilima kilichopo mjini Roma, kilima kizima cha mitungi ya mafuta iliyovunjwa, kirefu kuliko kanisa letu na kanisa la jirani likipandishwa juu yake.

"Mingi ya mitungi ile ilitoka Uhispania na Afrika ya Kaskazini," alisema. "Pale ni jalala tu. Walimimina mafuta, wakavunja, wakatupa. Ukitaka kujua mfinyanzi alikaa wapi, usitafute mitungi mizuri. Tafuta makosa."

Makosa yalikuwa mitungi iliyopinda motoni, au miwili iliyogandana kama mapacha, au ule uliopata moto mno ukawa wa kijani na kung'aa kama chupa. Hakuna mtu wa kupakia kitu kama hicho melini. Kinatupwa pale pale, hatua chache kutoka kwenye tanuri, na pale pale ndipo mchimbaji atakapokikuta.

"Kizuri husafiri," alisema. "Kibovu hukaa na mama yake."

Baba mmoja, aliyekuwa na shahada mbili na anaendesha teksi, alipenda sana msemo huo. Akauliza kama maana yake ni kwamba sisi tuliofika Amerika ndio tulio wazuri. Mwalimu akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Wewe ulisafiri," akasema. "Lakini sijakuona ukifunguliwa."

Alikuwa na kipande kimoja cha mtungi alichokiweka kwenye kitambaa cha hariri ndani ya mkoba. Mtoto hakuruhusiwa kukigusa mpaka anawe mikono kwa sabuni, aikaushe, kisha anyooshe viganja vyote viwili. Darasa zima lilinyamaza kikipitishwa. Wapo watoto walionusa, mmoja alikibusu. Baada ya mwaka hivi tukiwa tunafagia ukumbi nikamwuliza kilitoka nchi gani.

"Kipi? Hiki?" Akakichomoa kama njugu. "Hiki ni chungu cha maua. Kilianguka barazani kwangu."

"Mwalimu! Na watoto wananawa mikono!"

"Kwani kunawa kumewadhuru?"

Ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyejua asili ya kila kipande cha udongo, na hakuona tabu kudanganya darasa zima. Aliishi kwa vitu vilivyovunjika, lakini ukimpa chai kwenye kikombe chenye ufa alikirudisha jikoni mwenyewe. Hakuonja kileo maisha yake yote, na alijua kuliko mlevi yeyote divai gani ilikaa kwenye mtungi gani. Na pipa la taka la nyumbani kwake, mimi mwenyewe nililichungulia siku nilipopata nafasi, lilikuwa tupu na limeoshwa. Taka zake alizibeba kwenye mfuko akaenda kuzitupa kazini.

"Kila kazi ina hatari zake," alisema aliponikuta nimeinama. "Mganga haugui mbele ya wateja."

Majira fulani ya kiangazi aliamua watoto wajenge tanuri. Si kulichora, kulijenga. Alikuwa amepanga nyumba Temple Hills yenye uwanja mdogo nyuma, na Jumamosi tatu mfululizo tulichimba shimo, tukasimamisha nguzo katikati, tukalaza sakafu yenye matundu ili moto uliopo chini upande kwenye vyungu juu, kama walivyofanya Warumi. Watoto walifinyanga mitungi midogo ya masikio mawili, mirefu kama chupa ya soda. Jumamosi ya nne saa tatu asubuhi, baada ya kukausha tanuri kwa moto wa taratibu, Mwalimu akaanza kuongeza kuni.

Saa tano moshi ulikuwa mweusi kama joho la padri. Saa tano na nusu tukasikia king'ora.

Wakati ule makaratasi yangu ya uhamiaji bado yalikuwa yanashughulikiwa, na gari lolote lenye taa za kuzunguka lilitosha kuniharibia siku. Mwalimu hakutetereka. Aliingia jikoni, akatoka na sinia la mapaja ya kuku yaliyokwisha kutiwa viungo, akayapanga juu ya wavu wa jiko na kuusukumia juu ya mdomo wa tanuri.

"Mwalimu, hao kuku wametoka wapi?"

"Wanangoja tangu jana," akasema. "Ulidhani sikujua jirani yangu anapenda simu?" Kisha akawageukia watoto. "Mkiulizwa tunachoma nini, mnasema nini?"

"Kuku!" wakajibu wote kwa pamoja, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza darasa lile lilijibu swali kwa Kiswahili.

Zimamoto watatu wakaja mpaka nyuma na makoti yao mazito. Mkubwa wao akaangalia tanuri lenye urefu wa kifua chake, akaangalia kuku, akaangalia watoto kumi na wanne waliopakaa udongo mpaka kwenye nyusi. Akauliza kwa Kiingereza kama hii ni choma ya kawaida. Mwalimu akamwambia ni ya kienyeji sana. Alimweleza habari za hewa na nguzo ya katikati mpaka yule bwana akapiga goti kuchungulia matundu, na waliondoka na mapaja matatu kwenye karatasi ya foili, baada ya kutuamuru tuweke mpira wa maji karibu na tusirudie tena.

Siku ya pili tulipofungua tanuri, mitungi kumi na tisa ilikuwa imevunjika au imepinda, miwili tu mizima. Watoto wakaanza kulia. Mwalimu alikuwa anakaribia kucheza.

"Mnalilia nini? Tazameni! Mtu akichimba hapa baada ya miaka elfu mbili, atasema nini? Atasema hapa Temple Hills palikuwa na wafinyanzi! Tena wabaya sana!"

Mwenye nyumba alipoliona lile shimo, alisema maneno mengine kabisa.

Sasa nifike kwenye habari ya sambusa, ambayo kwa muda mrefu sikutaka kuisimulia, kwa sababu nami nilikuwa ndani yake.

Shangazi alisifika kwa sambusa tangu Lanham mpaka Oxon Hill. Hakuna harusi, matanga wala ubatizo uliopita bila sambusa zake, nyembamba, kavu, zenye kona kali kama bahasha. Ukweli ni kwamba Shangazi hakujua kukunja sambusa. Kila Jumamosi mchana, nikitoka darasani, nilipita kwenye fleti ya Mama Furaha, mama wa Kikongo aliyekuja na watoto wanne kutoka kambi ya wakimbizi, nikachukua makasha mawili ya kubebea vyakula, nikayapeleka nyumbani.

Haikuanza kama hila. Mama Furaha alipofika alikuwa mgeni, Kiingereza hana, mwoga wa watu. Shangazi ndiye aliyempokea. Siku moja alimbebea sambusa zake mpaka kanisani ili watu waonje, watu wakamsifu Shangazi, naye akanyamaza. Jumapili iliyofuata wakamsifu tena. Baada ya mwaka angesema nini?

Halafu zikaanza kujengwa hoteli mpya kando ya mto pale Oxon Hill. Mzee mmoja wa kanisa alipata kazi ya kusimamia jiko katika hoteli mojawapo, akamwambia Shangazi kwamba wanatafuta mtu wa vitafunio, kazi ya kudumu, yenye bima ya afya, na yeye ameshamtaja. Shangazi alikuwa na kazi ya ofisi isiyo na bima na goti linalomsumbua. Aliniambia, "Nitajifunza. Si ni kukunja tu?" Mama Furaha, aliyekuwa anasafisha ofisi sehemu tatu tofauti, hakuambiwa kitu. Na mimi, niliyelala chini ya paa la Shangazi, nilibeba makasha yangu nikafunga mdomo.

Mwalimu alikuja kunywa chai Alhamisi moja. Alikwenda jikoni kama desturi yake. Alikaa huko muda mrefu kidogo.

"Jiko lako safi sana," alimwambia Shangazi aliporudi.

"Asante, Mwalimu."

"Sambusa mia mbili kila wiki, na sijaona hata moja iliyopasuka. Wala unga kwenye pembe za droo."

Shangazi alicheka. "Aki Mwalimu, mimi siharibu. Ni mkono tu. Ni kipawa."

Mwalimu akanigeukia. Mimi nilikuwa nasoma zulia.

Nilipomsindikiza mpaka kwenye gari lake hakuniuliza lolote. Alifungua mlango wa abiria, akaondoa ndoo ya mchanga iliyokuwa kwenye kiti, akasema, "Ingia. Nipeleke kwa anayeharibu."

Ningeweza kukataa. Nilifunga mkanda.

Kwa Mama Furaha watoto walikuwa wametoka shule. Mezani palikuwa na sinia la sambusa zilizofunguka, zilizoungua, zilizotoa nyama nje kama ulimi, nao wanazila na chai. Vipande vya chapati za kukunjia vilining'inia kwenye mgongo wa kiti. Mama Furaha aliona haya, akasema kwa Kiswahili chake cha Kikongo, ambacho "ndio" yetu ni "njo".

"Excusez, Madame. Hizi ni zenye zimeharibika. Njo batoto banakula."

Mwalimu alivuta kiti, akakaa, akala tano bila kuongea. Kisha akapangusa vidole. "Ndipo hapa," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu aliyefika kwao. Akamwuliza kama amesikia habari za kazi ya hotelini.

"Kazi ya wapi?"

Mwalimu akamweleza yote. Nilitamani sakafu inimeze. Mama Furaha alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia kidogo tu, halafu akatikisa kichwa.

"Hapana, Madame. Usiseme kwa watu. Ule mama njo alinipokea. Blanketi ya kwanza yenye ilinipatia joto hapa Amerika, ilikuwa ya kwake. Miye siwezi kumupatisha haya."

"Lakini kazi ni yako."

"Mungu ataona ingine. Uniahidi."

Mwalimu akasogeza sinia pembeni. "Nakuahidi," akasema hatimaye. "Neno halitatoka kinywani mwangu."

Na halikutoka. Jumapili hiyo baada ya ibada alisimama tu akatangaza kwamba Jumamosi ijayo darasa la Kiswahili litajifunza majina ya vyakula, wazazi wote wanakaribishwa, na Shangazi wetu amekubali kuonyesha watoto namna ya kukunja sambusa. Shangazi hakuwa amekubali chochote. Lakini watu walipiga makofi, mzee wa hotelini akiwa mbele yao.

Siku tano zile sitazisahau. Shangazi alikunja asubuhi kabla ya kwenda kazini, akakunja jioni akirudi. Pipa letu lilijaa mpaka likakataa kufunga. Aliungua mkono. Alilia mara moja, mgongo akinipa, na maji ya bomba kayafungulia kwa nguvu ili nisisikie.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Shangazi alivaa aproni nyeupe. Sambusa ya kwanza ilifunguka mkononi. Ya pili ikamwaga nyama mezani. Ya tatu ilikuwa na umbo la kiatu. Binti mmoja wa miaka saba, ambaye hakukusudia ubaya, akasema kwa Kiingereza kwamba yake imetoka vizuri kuliko ya Shangazi. Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa amekaa pembeni, mikono kaikunja, kofia kaishusha machoni, na ile ahadi yake kaitimiza neno kwa neno. Nilimchukia.

Ndipo Mama Furaha, aliyekuja kumchukua bintiye na kusimama karibu na mlango, akapita katikati ya watu mpaka mezani. Akashika kipande cha unga. Vidole vyake vikazunguka mara tatu, sambusa ikalala pale, ina kona zake zote.

"Mama huyu njo alinifundisha," akasema kwa sauti kubwa, yeye ambaye hakuwahi kusema kanisani hata amina ya kusikika. "Leo mukono inamuuma tu. Nyinyi mwangalie, miye nitafanya vile alinionyesha."

Mlango wa kutokea katika aibu ile ulikuwa umefunguliwa wazi. Shangazi angepita tu. Alisimama akiangalia ile sambusa, halafu akavua aproni.

"Wacha, Mama Furaha," akasema. "Mimi sikukufundisha kitu." Akawageukia watu. "Zote ni zake. Tangu siku ya kwanza. Mlinisifu, nikanyamaza, na nimenyamaza miaka miwili. Kazi mnayotaka kunipa, mpeni yeye."

Alimvika Mama Furaha aproni mwenyewe, akamfungia kamba nyuma, akatoka nje. Nilimfuata.

Mama Furaha alipata kazi ile. Shangazi hakumwamkia Mwalimu kwa miezi miwili, na mimi alinisemesha kwa mambo ya lazima tu, kama chumvi na funguo. Nilimwambia Mwalimu alichofanya ni ukatili.

"Niliahidi kutosema," akanijibu. "Sikuahidi kutopanga ratiba ya darasa." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kisha akaongeza, "Nilitaka aaibike. Sikujua ana moyo mkubwa kuliko wangu."

Siku moja Shangazi akanipa bakuli la plastiki nimpelekee. Ndani mlikuwa na sambusa alizozikunja mwenyewe, mbaya kupita maelezo. Mwalimu alizimaliza zote nikiwa nimesimama, akaliosha bakuli, akalijaza ndimu, akanirudishia. Yakaisha hapo.

Kisha nikapata kibali changu, nikasomea uuguzi, nikahama kwa Shangazi. Darasa lilichukuliwa na vijana. Mwalimu nilimwona mara moja moja, harusini, kofia ikiwa juu ya mabega ya watu kama inajitembeza yenyewe.

Mwisho mwisho wa miaka ile aliteleza kwenye barafu, akavunjika nyonga, na baada ya upasuaji akaletwa kwenye kituo nilichofanya kazi. Faili lake lilinionyesha kwamba alikuwa ametupunja miaka tisa. Daktari alimwuliza maswali ya kupima akili.

"Rais ni nani?"

"Wa nchi gani?"

"Huu ni mwaka gani?"

"Kwa kalenda ya nani?"

Akaandikiwa kwamba amechanganyikiwa kidogo, na kwamba huenda asiruhusiwe tena kuishi peke yake. Ilinibidi nimkalishe chini. "Mwalimu, hapa hawachezi. Jibu vizuri, la sivyo hurudi kwako." Siku ya pili alijibu yote bila kosa, halafu akamwuliza daktari maswali matatu yake mwenyewe, na daktari akakosa mawili. Lakini kutembea alikataa. Dada wa mazoezi alikuja kila asubuhi na kitembezi, fremu ya chuma ya kushikilia mtu akitembea, Mwalimu akageukia ukuta.

Mchana mmoja wa Machi aliniita. Alitoa chini ya mto barua iliyokunjwa mpaka imelainika.

"Nisomee. Miwani yangu haioni Kiingereza leo."

Ilitoka kwa msichana wa Tunisia, mtafiti, anayeanza tu kazi. Alisema amesoma taarifa ambayo Mwalimu aliiandika ujanani kuhusu tanuri la mitungi alilolivumbua kwenye pwani ya kwao. Amepata ruhusa ya kuchimba pale, ameacha kazi nyingine ili aje afanye hii, na ataanza kiangazi. Je, Mwalimu angeweza kumwonyesha tanuri lilikuwa upande gani hasa? Barua ilikuwa na miezi minne.

"Si umjibu?"

Alitazama dirishani. "Hapakuwa na tanuri," akasema.

Nilikaa kitandani.

Alinisimulia kwa maneno machache, bila utani hata mmoja. Alikuwa kijana, alikuta udongo ulioungua ukawa mwekundu, matofali meusi na lundo la vigae. Akaandika kwamba ni tanuri. Watu wakafurahi, wakamwalika huku na huku, na kwa taarifa ile ndiyo akaletwa Amerika. Miaka mingi baadaye, kule chini ya ardhi, alisaga kipande cha mtungi wa pale mpaka kikawa chembamba kama ngozi ya kitunguu, akakiweka kwenye hadubini. Mchanga uliokuwa ndani ya ule udongo haukuwa wa pwani ile. Akasaga vingine kumi, ikawa hivyo hivyo. Akapekua masanduku yote, na katika lundo zima hapakuwa na mtungi hata mmoja uliopinda motoni. Lilikuwa ghala lililoshika moto, basi. Mitungi ya watu wengine, iliyopita njia.

"Na hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza." Akaigusa barua. "Sasa huyu ameniuliza."

Nilichukua karatasi. Alisema kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Barua ya kwanza ilijaa kurasa mbili, imejaa hali ya vifaa vya zamani, na uchache wa muda, na makosa ya aliyekuwa mkubwa wake. Nikamsomea. "Huyo ni wakili," akasema. "Chana." Ya pili pia tukaichana. Ya tatu ilikuwa na sentensi nne: Sikuona tanuri. Niliona nilichotaka kuona. Sampuli zote ziko kwenye chumba changu kazini, na nimewaambia wenzangu wakupe. Nisamehe kwa kuchelewa. Alitia sahihi jina lake lote, jina refu, na miaka yote ile ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia.

"Nitaipeleka posta nikitoka," nikasema.

"Hapana. Utanionea huruma njiani."

Kwa hiyo zamu yangu ilipoisha saa tisa nilimfunga blanketi, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka sanduku la posta lililo ukingoni mwa barabara. Upepo ulikuwa mkali. Alishika barua kwenye mdomo wa sanduku na hakuiachia. Magari yalipita. Basi la shule likapita. Nilitazama pembeni. Kisha nikasikia bahasha ikianguka.

"Wanakuja kuchukua saa ngapi?" akauliza.

Nikasoma kibandiko. "Saa kumi."

"Basi bado saa nzima ya kulivunja hili sanduku," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aje kituoni alicheka mpaka akakohoa. Nilifunga breki za kiti. Hakutaka turudi. Tulikaa pale, mimi nimeinua kola, yeye hajaondoa macho kwenye lile sanduku, mpaka gari la posta likafika, bwana wa barua akafungua, akamwaga kila kitu kwenye beseni, akaondoka.

Mlangoni dada wa mazoezi alikuwa anatusubiri, uso umekasirika, kitembezi mkononi. Mwalimu akanyoosha mikono akakichukua. Akasimama. Alitembea ukumbini, kwato za chuma zikigonga sakafu, mimi nyuma yake nimeshika ukanda wa gauni, nikihesabu moyoni. Alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, jasho likimtiririka kwenye mvi.

"Hatua ngapi?" dada akauliza, kalamu tayari.

"Ishirini," akasema Mwalimu.

Zilikuwa kumi na moja. Dada akanigeukia mimi. Mwalimu naye akanigeukia, macho yakimwaka.

"Ishirini," nikasema.